"Journeyman" si Msafiri, Wala si Kibonde

Mjadala wa ngumi za kulipwa nchini umepata msamiati mpya katika miaka ya karibuni. Mapambano ya ndani yanaonyeshwa mubashara kwenye Azam TV, rekodi za mabondia zinapatikana kwenye tovuti ya BoxRec kwa yeyote mwenye simu, na shabiki ambaye zamani alimjua bondia kwa jina lake la utani na mtaa anakotoka, leo anamjua kwa tarakimu tatu za ushindi, vipigo na sare. Pamoja na tarakimu hizo limeingia neno la Kiingereza, "journeyman", na limeingia kama tusi. Bondia wetu akipoteza Ulaya au Asia, maoni mia moja ya kwanza mtandaoni yatakuwa yamemwita hivyo kabla hajashuka ulingoni. Wengine wanalieleza kwa namna inayoonekana ya kisomi: ni bondia msafiri, kwa kuwa "journey" ni safari, hivyo ni mtu anayepanda ndege kwenda kupigwa. Wengine hawajisumbui na maelezo, kwao ni jina jingine la kibonde. Na sasa kwa kuwa mapromota wa Dar es Salaam nao wanaleta wapinzani kutoka Malawi, Zambia, Zimbabwe na Kongo, tusi lile lile tulilolalamikia likielekezwa kwa vijana wetu tunawavurumishia wageni.

Hoja yangu ni kwamba maelezo yote mawili yamepotoka, na kwamba upotofu huo una gharama nje ya kamusi. Kwa asili yake neno hili linamtaja fundi aliyehitimu, anayeuza kazi yake kwa siku kwa sababu hana karakana yake mwenyewe. Habari linayotupa ni ya umiliki: nani mwenye duka, nani mwenye mikono. Anayelisoma hivyo ataacha kumuuliza bondia kwa nini amepoteza tena, na ataanza kuuliza maswali kuhusu mkataba, notisi, uzito na malipo, ambayo ndiyo yenye majibu ya maana.

Mzizi wa neno uko katika Kifaransa cha kale. "Journée" ilikuwa siku nzima kama kipimo: kazi inayofanyika kwa siku moja, au mwendo unaotembewa kwa siku moja, na nyuma yake kuna neno la Kilatini "diurnus", yaani jambo la kila siku. Waingereza walipolichukua, walilichukua pamoja na maana hizo zote. Maana ya mwendo ndiyo iliyokua hadi "journey" ikawa safari yoyote, na hilo halipaswi kumshangaza Mswahili, kwa kuwa hata misafara ya bara ilihesabu umbali kwa siku, na mzee wa kijijini hadi leo anaweza kukwambia mahali fulani ni mwendo wa siku mbili. Lakini "journeyman" halikutoka kwenye tawi la mwendo. Lilitoka kwenye tawi la kazi ya siku, na lilianza kuandikwa katika Kiingereza karne ya 15 likimaanisha mtu anayefanya kazi ya ufundi kwa ujira wa kutwa. Dada zake wengine bado wanaonyesha sura ya familia: "journal" ni daftari la mambo ya kila siku, na "adjourn" ni kusogeza shauri hadi siku nyingine.

Mtu huyo alikuwa na nafasi yake maalumu katika vyama vya mafundi vya miji ya Ulaya. Chini kabisa alikuwapo mwanagenzi, aliyefungwa kwa mkataba na bwana mmoja, akilala na kula kwa bwana huyo na kujifunza kazi. Nchini Uingereza sheria ya mwaka 1563, wakati wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, iliweka muda wa uanagenzi kuwa angalau miaka saba. Akiimaliza, alikuwa fundi kamili, huru kwenda kufanya kazi kwa yeyote atakayemlipa. Juu yake alikuwapo bwana fundi mwenye karakana, mwenye haki ya kuchukua wanagenzi na kuuza kazi kwa jina lake. Mara nyingi kilichomtenganisha fundi wa kutwa na bwana fundi kilikuwa mtaji na nafasi zaidi kuliko ustadi. Mwana wa bwana fundi alirithi karakana, na mjane wake aliweza kuolewa pamoja nayo. Fundi wa kutwa asiye na fedha wala ukoo aliweza kuzeeka akiwa hodari kuliko tajiri wake na bado akalipwa kwa siku. Nchini Marekani neno hili bado ni daraja rasmi. Katika majimbo mengi fundi umeme huipata leseni ya "journeyman" baada ya miaka minne au mitano ya uanagenzi, na akiipata hujivunia, kwa sababu bila hiyo hawezi kufanya kazi ya nyaya bila msimamizi.

Mtetezi wa tafsiri ya msafiri ana jibu, na si jibu la hovyo. Atasema kwamba mafundi hao kweli walisafiri. Katika nchi za Kijerumani aliyemaliza uanagenzi alitarajiwa kuondoka kwao na kuzunguka kwa miaka mitatu na siku moja akifanya kazi katika miji ya wengine, na wapo vijana wachache wanaofuata desturi hiyo hadi leo, wakiwa na kofia zao pana na suruali za mahameli ya mistari. Nchini Uingereza nako, karne za 18 na 19, vyama vya mafundi vilikuwa na utaratibu wa kumsaidia mwanachama asiye na kazi kutembea mji hadi mji akitafuta. Yote hayo ni kweli. Ila tuangalie chanzo na matokeo. Fundi alisafiri kwa sababu hakuwa na karakana. Mwenye karakana alibaki nyumbani kungoja wateja. Kwa hiyo safari ilikuwa dalili ya hali yake. Jina lilitokana na hali yenyewe, ile ya kulipwa kwa siku.

Kwa bahati nzuri Kiswahili hakihitaji kuazima fikra hii. Tunalo neno kibarua, ambalo lilianzia kwenye kijikaratasi: katika miji ya pwani mfanyakazi wa kutwa alipewa kipande cha karatasi, barua ndogo, ambacho alikionyesha ili alipwe, na jina la karatasi likahamia kwa mtu. Kasoro ya neno hilo kwa hoja yetu ni kwamba limekuja kumtaja mtu wa kazi isiyo na ujuzi. Lililo karibu zaidi ni deiwaka, jina la dereva au kondakta wa daladala anayeshika gari la mwenzake kwa siku moja. Deiwaka ana leseni, anaijua njia na vituo vyote, na pengine anaendesha vizuri kuliko mwenye zamu. Asichokuwa nacho ni gari. Jioni anapeleka hesabu kwa mwingine, na kesho hajui atapanda gari la nani. Asili ya deiwaka yenyewe ni Kiingereza cha mfanyakazi wa siku, kwa hiyo vijana wa stendi, bila kufungua kamusi, walifika pale pale Waingereza walipokuwa miaka 600 iliyopita.

Sasa tuingie ulingoni, kwa kuwa huko ndiko neno lilikopata sura tunayoijua. Biashara ya ngumi katika kumbi ndogo za Uingereza inaeleweka kwa urahisi mtu akijua nani anauza tiketi. Bondia chipukizi wa mji husika, anayekaa kwenye kona ya nyumbani, huwauzia tiketi ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake. Katika fedha hizo hutoka malipo yake na malipo ya mtu wa kona ya pili. Huyo wa kona ya pili hakuuza tiketi hata moja. Ameitwa na meneja wake, wakati mwingine siku chache kabla na mara nyingine asubuhi ya siku ile ile baada ya mpinzani wa kwanza kujitoa. Amekubali uzito asiokuwa wake. Ameendesha gari saa tatu au nne, na atalipwa takriban pauni 1,000 kwa raundi nne. Katika mapambano madogo ya huko mwamuzi peke yake ndiye anayetoa pointi, na kila mtu ukumbini anajua kwamba katika raundi nne za kufanana mgeni hapewi hata moja. Matokeo ya 40 kwa 36 huandikwa kabla jasho halijakauka. Mgeni husalimiana na kijana, huwapungia mkono mashabiki wanaomzomea, na kwenda kuvaa.

Pambano la namna hiyo linafaa kuangaliwa kwa makini na mtu anayeamini kuwa mgeni hajui kazi. Kijana anakuja mbele na makonde ya nguvu, na mgeni amekaa kwenye kamba, kidevu kimezama nyuma ya bega la kushoto, viwiko vimefunga mbavu. Ngumi saba kati ya kumi zinaishia kwenye mikono na mabega, na ukumbi unashangilia zote kumi. Kijana akisogea karibu, mkono wake wa kulia unabanwa kwapani na kichwa cha mgeni kinamlalia kifuani, kisha mgeni anamzungusha nusu mduara ili mwamuzi aje kuwaachanisha, na sekunde nane zimekwisha kwenda. Katika raundi ya tatu, kijana akiacha mkono wa kushoto chini, anapata konde moja la haraka usoni, si la kumwangusha, ni la kumkumbusha tu. Akirudia kosa anapata lingine. Kocha wa kijana anaona yote na ameridhika, kwa sababu somo hilo ndilo alilolilipia. Niliwahi kukaa katika ukumbi mmoja hapa Dar nyuma ya mashabiki waliocheka kutoka mwanzo hadi mwisho, wakihesabu ngumi zinazogonga viwiko kana kwamba zimegonga taya.

Rekodi za mafundi hawa zinatisha kwa anayezisoma bila kujua hayo. Peter Buckley wa Birmingham alipigana mara 300 kati ya 1989 na 2008, akashinda 32, akatoka sare 12 na kupoteza 256. Katika hao waliomshinda yumo Naseem Hamed, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia. Mwaka 1992, Hamed akiwa ndiyo kwanza ameingia kwenye ngumi za kulipwa, Buckley alikwenda naye raundi zote sita. Alipostaafu Oktoba 2008 katika mji wake mwenyewe, pambano la 300 alilishinda, ushindi wa kwanza baada ya miaka mitano. Kristian Laight wa Nuneaton alifikisha naye mapambano 300 mwaka 2018, akiwa na ushindi 12, sare 9 na vipigo 279. Johnny Greaves wa London alipoteza 96 kati ya 100 na kuaga kwa ushindi katika ukumbi wa York Hall mwaka 2013. Hawa hawakuwa siri ya mtu. Mapromota waligombania tarehe zao.

Hapo ndipo inapoanguka hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, ambayo bahati mbaya ndiyo inayosikika zaidi: kwamba mtu mwenye vipigo vingi kiasi hicho hajui ngumi, au kama anajua, basi anauza mapambano. Tuanze na sehemu ya kwanza. Katika vipigo 279, Laight alisimamishwa kabla ya muda mara tano tu. Mtu asiyejua ngumi hasimami raundi nne na vijana wenye njaa ya sifa, kila wiki mbili au tatu, kwa miaka 15, akatoka kwa miguu yake mara 274. Huo ni ujuzi wa ulinzi ambao mabingwa wengi hawana. Na ana sababu ya kiuchumi ya kuutunza, kwa maana bondia aliyesimamishwa hufungiwa kwa majuma kadhaa kwa ajili ya afya yake, na majuma hayo hakuna mkate. Sehemu ya pili inajijibu yenyewe. Pambano la kuuzwa huhitaji makubaliano, lakini mfumo huu hauhitaji makubaliano yoyote. Mtu ameitwa kwa notisi ya siku nne, mbele ya watu wa mwenzake, kwa mwamuzi mmoja, na anajua kuwa akimpiga kijana wa promota kwa KO, yaani kumwangusha asiweze kuendelea, simu yake itanyamaza miezi miwili. Hakuna anayelazimika kumwambia apoteze. Anayetaka kulaumu ana mengi ya kulaumu hapo, lakini yote yako kwenye mpangilio wa kazi.

Lugha ya Kiingereza yenyewe, kwa taarifa ya wanaoitumia kama rungu, inatofautisha. Kwa bondia asiyejua lolote, anayeletwa ili aanguke, wana jina jingine: kopo la nyanya, kwa kuwa, kama inavyoelezwa kawaida, ukiligonga linavuja wekundu. Huyo ndiye kibonde. Na kwa mwenye uwezo wa kutosha kumpima anayetaka kupanda ngazi ya ubingwa wana la tatu, mlinda lango. Sisi tumeyarundika yote katika neno moja, tena tukachagua lile lililokuwa na heshima.

Lipo pingamizi la pili lenye uzito zaidi, na msomi yeyote wa lugha atalileta. Maana ya neno, atasema, iko katika matumizi ya wanaolisema leo. Asili ni historia tu, na kumlazimisha msemaji wa leo afuate karne ya 15 ni kosa. Nakubaliana na kanuni hiyo. Nakubali pia kwamba dharau ndani ya neno hili haikuanzia kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 17, Shakespeare katika Hamlet anawasema waigizaji wabovu kwamba huenda waliumbwa na vibarua wa Maumbile, wakaumbwa vibaya, na neno alilotumia ni hili hili. Lakini kanuni hiyo inakata pande zote. Wanaolitumia kila siku ndani ya biashara ya ngumi, yaani makocha, mameneja na mabondia wenyewe, hadi leo wanalitumia kwa maana ya fundi: mtu wa kutegemewa, anayefika kwa wakati, anayetimiza uzito, anayejua kumfunza kijana bila kumharibu. Matumizi ya kumdharau yako kwa watazamaji. Kama matumizi ndiyo mwamuzi, sijui kwa nini sauti ya mtazamaji iwe nzito kuliko ya mwenye kazi.

Pingamizi linalonisumbua kweli ni la tatu, na linatoka upande wa wanaowaonea huruma mabondia hawa. Wanasema kuwa kulisafisha neno ni kuusafisha mfumo. Ukimwita mtu fundi, unafunika ukweli kwamba analipwa kidogo ili apigwe kichwani. Ushahidi wao ni wa zamani. Mwaka 1928 daktari Harrison Martland wa Marekani alichapisha makala kuhusu mabondia waliokuwa wakipepesuka na kuchanganyikiwa kama walevi, hali aliyoiita kwa jina la mitaani la ulevi wa ngumi, na alieleza kuwa iliwapata hasa wapiganaji wa kurusha makonde mazito bila kujikinga na mabondia wa daraja la pili waliotumika kuwafanyisha wengine mazoezi, ambao waliweza kuangushwa mara kadhaa kwa siku moja. Karibu karne moja baadaye hakuna aliyethibitisha kwamba kichwa kinatofautisha ngumi ya pambano la mkanda na ngumi ya raundi nne za ukumbi mdogo. Mwenye mapambano 300 amepigwa mara 300, hata kama alikinga vizuri.

Sina jibu la kulifuta pingamizi hili, na sidhani linahitaji kufutwa. Ninachosema ni kwamba asili ya neno iko upande wake. Mafundi wa kutwa hawakuwa watu wa kuridhika na jina zuri. Mwaka 1721 mafundi cherehani wa kutwa wa London waliungana, zaidi ya 7,000 kwa hesabu ya matajiri waliowalalamikia, wakadai ujira zaidi na ruhusa ya kuacha kazi saa mbili usiku badala ya saa tatu. Bunge lilitunga sheria ya kuwazuia, na neno "journeymen" limo ndani ya sheria hiyo, likitaja tabaka lenye madai. Vibarua wetu walipitia njia hiyo hiyo: mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947 ulishika moto katika mji uliokuwa ukiendeshwa na kazi ya kutwa ya bandarini, na miaka iliyofuata serikali ya kikoloni ililazimika kuupanga upya mfumo mzima wa kazi hiyo. Kibonde hawezi kugoma, kwa sababu ukimwita kibonde umeshasema kuwa shida ni yeye. Fundi wa kutwa anaweza, kwa kuwa jina lake lenyewe linaeleza kwamba kuna kazi, kuna siku, na kuna malipo yanayoweza kujadiliwa.

Historia ya mabondia wetu ughaibuni inasomeka vizuri zaidi kwa jicho hili. Rogers Mtagwa, mzaliwa wa Dodoma aliyehamia Philadelphia, alikuwa na vipigo zaidi ya kumi alipopangwa kupigana na Juan Manuel López wa Puerto Rico kwa ubingwa wa WBO, mojawapo ya mashirika ya ngumi ya dunia, jijini New York, tarehe 10 Oktoba 2009. López hakuwa amepoteza hata mara moja, na pambano lilikuwa ngazi ya kumpeleka kwenye fedha kubwa zaidi. Katika raundi ya 12 ngazi hiyo ilikaribia kuvunjika. Miguu ya López ilikuwa imelegea, akawa anashikilia chochote kilicho karibu, anaserereka kwenye kamba, na Mtagwa anamfuata akirusha konde baada ya konde huku sekunde zikiyoyoma. Kengele ndiyo iliyomwokoa bingwa. Jaji mmoja alitoa tofauti ya pointi moja tu. Miezi mitatu baadaye Mtagwa aliingia tena kupigana na Yuriorkis Gamboa, Mkuba aliyeogopwa sana wakati ule, na akasimamishwa katika raundi ya pili. Aliyeangalia López akimaliza akiyumba vile anaweza kujiuliza kama kweli Mtagwa angepaswa kurudi ulingoni haraka namna hiyo. Mwenye karakana angepumzika mwaka mzima. Wa kutwa hushika siku iliyopo.

Hassan Mwakinyo wa Tanga ni mfano wa upande wa pili. Tarehe 8 Septemba 2018 aliingia Birmingham akiwa jina lisilojulikana, mbele ya Sam Eggington aliyewahi kuwa bingwa wa Uingereza, wa Jumuiya ya Madola na wa Ulaya, akammaliza raundi ya pili. Kwa wiki kadhaa nchi nzima ilikuwa na shujaa. Miaka minne baadaye, Septemba 2022, aliposimamishwa raundi ya nne na Liam Smith mjini Liverpool, wale wale waliomshangilia walimgeuzia kibao. Ni mtu yule yule, kwenye kona ile ile ya wageni, katika nchi ile ile. Mchezo wa ngumi wa Uingereza ulikuwa umemwita mara zote mbili kwa sababu moja, kumpa mwenyeji kazi ya usiku huo, na mara moja hesabu yao ikagoma. Anayetumia neno kama kipimo cha ubora atalazimika kusema Mwakinyo alikuwa bondia mwaka 2018 na hakuwa bondia mwaka 2022, jambo ambalo halina mantiki.

Yapo mapendekezo ya kuwazuia kabisa mabondia wenye rekodi mbaya kwenda nje, kwa hoja kwamba wanaiaibisha bendera. Siyaungi mkono. Kumnyima deiwaka gari la siku hakumpi gari lake. Kinachowezekana, na kiko ndani ya uwezo wa Kamisheni ya Kusimamia Ngumi za Kulipwa Tanzania, ni kuangalia masharti ya siku yenyewe kabla ya kutoa kibali: bondia amepewa notisi ya siku ngapi, ameitwa kwa uzito gani ikilinganishwa na pambano lake lililopita, imepita muda gani tangu asimamishwe mara ya mwisho, nani anakaa kwenye kona yake, na malipo yake yanapitia mikononi mwa nani. Bondia wa vipigo 20 aliyeitwa miezi miwili kabla, kwa uzito wake, akiwa na kocha wake, yuko salama kuliko kijana wa rekodi safi aliyeambiwa Jumatatu apigane Jumamosi akiwa amezidiwa kilo sita. Rekodi pekee haionyeshi tofauti hiyo. Na watangazaji wetu wa ngumi, ambao wana dakika nyingi za kujaza kabla ya kengele ya kwanza, wangetufaa zaidi kama wangetusomea notisi na uzito wa mgeni pamoja na tarakimu zake tatu.

Hilo la mgeni nalitilia mkazo kwa sababu nafasi yetu katika biashara hii inabadilika. Kwa miongo mingi tulikuwa upande mmoja tu, wa kupeleka watu kona ya pili. Sasa Dar es Salaam ina kumbi zinazojaa, ina kamera, ina wadhamini, na ina vijana wa nyumbani wanaohitaji ushindi kumi au kumi na mitano wa kujengea jina. Tumekuwa na karakana. Bondia anayeshuka kutoka Blantyre au Lusaka siku mbili kabla ya pambano ana madai yale yale ambayo tungetaka Mtagwa na Mwakinyo wapewe: tiketi ya kwenda na kurudi iliyolipwa, mizani inayofanana kwa wote wawili, majaji ambao hawakuja na matokeo mfukoni, daktari anayempima baada ya pambano na si kabla tu, na fedha yake yote mkononi kabla hajarudi uwanja wa ndege.